Kuuliza Bila Kuhukumu: Kiswahili na Msaada kwa Watu Wanaojidhuru Mjini Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika kumtaja, kumuuliza na kumsaidia mtu anayejidhuru, kwa kuzingatia mji wa Bujumbura, ambako Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hukutana katika chumba kimoja cha tiba. Hoja yake ni kwamba sehemu ya pengo la huduma ni pengo la lugha. Swali lililotafsiriwa neno kwa neno huleta jibu lisilolingana na kilichoulizwa, na neno la hukumu humfukuza mwenye shida kabla hajafika kwa mhudumu. Msingi wa makala ni uchambuzi wa lugha pamoja na matokeo ya tafiti za tiba zilizokwisha kuchapishwa. Hakuna mgonjwa aliyehojiwa. Kwa sababu za kimaadili, njia ambazo watu hutumia kujidhuru hazielezwi.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa hojaji ya afya ya akili niikague Kiswahili chake. Ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kifaransa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo na wakazi wa mitaa ya Bujumbura inayozungumza Kiswahili. Swali mojawapo liliuliza: "Je, umewahi kujiumiza?" Nililipitisha. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sahihi, tahajia ilikuwa safi, nami nilikuwa na haraka. Baadaye mhudumu mmoja aliyeitumia hojaji hiyo aliniambia kwamba watu walimjibu "ndiyo" bila kusita: huyu alijiumiza goti akicheza mpira, yule alijiumiza mgongo kwa kubeba ndoo za maji. Msichana mmoja, ambaye mhudumu alikuwa na kila sababu ya kumhofia, alijibu "hapana" kwa utulivu kabisa. Kosa lilikuwa langu, na makala hii imetokana nalo.

Msomaji asiyeijua Bujumbura huenda akadhani kwamba Kiswahili hapa ni lugha ya wapita njia. Sivyo. Buyenzi na Bwiza ni mitaa ambayo watoto wake huzaliwa ndani ya Kiswahili tangu enzi za ukoloni, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingizwa katika mtaala wa shule. Juu ya hao wapo Warundi waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, ambao baadhi yao walijifunza kueleza uchungu wao kwa Kiswahili cha Tanzania. Wapo pia Wakongo wa makambi ya Bwagiriza, Musasa, Gasorwe na Kavumu, na makumi ya maelfu waliovuka mpaka mapema mwaka 2025 baada ya Bukavu kutekwa. Watu hawa wote husema "Kiswahili", lakini Kiswahili cha Buyenzi, cha Uvira na cha Kasulu havigawani maneno yote ya maumivu.

Nchi yenyewe imebeba mengi. Mauaji ya 1972, vita vilivyoanza Oktoba 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na msukosuko wa 2015 viliacha majeraha ambayo huduma ya afya haikuandaliwa kuyapokea. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kimebeba mzigo huo kwa muda mrefu. Shirika la TPO lilianza kazi nchini mwaka 2000, na THARS, lililoasisiwa na David Niyonzima, limeshughulika na uponyaji wa majeraha ya vita katika jamii. Idadi ya madaktari bingwa wa akili ni ndogo mno. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumsikia kijana anayejidhuru huwa ni muuguzi wa zahanati, mwalimu, mchungaji, imamu, shangazi au jirani. Hawa hawana vipimo vya maabara. Wana maneno tu.

2.0 Kiambishi -ji- hakisemi nia

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiko nilikokosea. Kiambishi -ji- cha kujirejelea huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja: amejiona, amejificha, amejinunulia. Hakisemi kama tendo lilikusudiwa. Mtu akisema "nimejikata", msikilizaji wa Buyenzi, kama yule wa Tanga, atadhani kwanza kuwa kisu kiliteleza jikoni. "Nimejigonga" ni mlango. "Nimejichoma" ni sufuria. Nia huingia kwa nguvu ya kitenzi chenyewe, kama katika "kujiua", au kwa kuongeza neno: makusudi, kwa kukusudia, kwa kutaka. Kiswahili kinayo pia jozi ya "kuumia" na "kujiumiza", na mtu angetarajia ya kwanza ibebe ajali na ya pili ibebe nia. Mazungumzo ya kila siku hayafuati mgawanyo huo, kama wale waliojiumiza goti na mgongo walivyonifundisha. Kirundi nacho kina jozi inayofanana, gukomereka na kwikomeretsa, na hilo humfanya mfasiri Mrundi aamini upesi kwamba akishapata neno linalolingana kazi imekwisha.

Wengi hukimbilia "kujidhuru", nami pia nimelitumia katika kichwa cha makala hii. Ni neno zuri la kitaaluma: halitaji njia, halitaji kifo, halina tusi. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, ni la kitabu; muuza mboga wa soko la Ruvumera halitumii. Pili, uwanja wake ni mpana. Mvutaji sigara anajidhuru, mlevi anajidhuru, na hata mfanyakazi asiyelala anaambiwa anajidhuru. Ndiyo maana napendekeza neno hilo libaki katika ripoti na sera, na katika chumba cha mazungumzo litumike swali refu lenye kufungua mlango: "Wakati mwingine mtu akizidiwa na uchungu wa moyo huuumiza mwili wake kwa makusudi. Je, jambo hilo limewahi kukutokea?" Sentensi ya kwanza ya swali hilo si pambo. Inamwambia aliyeketi mbele yako kwamba yeye si wa kwanza duniani, na kwamba unaloliuliza unalijua. Urefu wake utawaudhi wanaotaka hojaji ya ukurasa mmoja. Wavumilie.

Katika uwanja wa tiba hutofautishwa kujidhuru bila nia ya kufa na jaribio la kujiua. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila isigeuzwe kuwa ukuta. Wengi wanaojidhuru hawataki kufa; wanatafuta kuipita saa moja isiyovumilika. Hata hivyo, tafiti za muda mrefu, zikiwemo zile za Keith Hawton na wenzake huko Oxford, zimeonyesha kwamba aliyewahi kujidhuru yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kujiua baadaye kuliko asiyewahi. Kwa hiyo mhudumu anahitaji maswali mawili, sio moja: lile la kuumiza mwili na lile la kutaka kufa. Hapa ndipo hojaji mashuhuri ya maswali 9 kuhusu sonona, iliyotungwa na Kurt Kroenke na wenzake na kuchapishwa mwaka 2001, inapotutatiza. Swali lake la mwisho linaunganisha mawili hayo kwa "au", na anayejibu "ndiyo" hatujui amejibu lipi. Kasoro hiyo imo tangu lugha ya asili. Tafsiri ya Kiswahili huirithi, kisha huongeza ya kwake.

Ya kwake ni neno "mawazo". Katika hojaji linatafsiri fikra zinazopita kichwani. Katika Kiswahili cha watu, "ana mawazo" ni hali: ana huzuni, ana madeni, ameachwa, hali chakula. Ukimuuliza mtu kama amekuwa na mawazo ya jambo fulani, nusu ya kwanza ya swali imekwisha kujibiwa kabla hujamaliza. Amesikia "mawazo", ameitikia.

3.0 Majina ya uchungu

Peter Ventevogel na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya dhana za ugonjwa wa akili katika jamii nne za Afrika zilizopitia vita, Burundi ikiwemo, waliandika maneno ya Kirundi ambayo kila mzungumzaji anayatambua. Ibisazi ni wazimu unaoonekana hadharani. Ihahamuka ni hali ya aliyeshtushwa na mambo mazito hadi akakosa utulivu. Akabonge ni huzuni inayokaa, ya mtu aliyejikunja ndani ya msiba au hasara. Kwa maoni yangu, kijana anayejidhuru mara nyingi haingii vizuri katika jina lolote kati ya hayo. Anakwenda shule, anacheka, anasali. Jamii haina rafu ya kumweka, na kisicho na rafu huwekwa chini ya "tabia mbaya".

Hapo ndipo Kiswahili kinapotoa kitenzi chake kikali kuliko vyote: "anadeka". Kudeka ni kwa mtoto anayelilia kubebwa na ana miguu, au mwenzi anayenuna ili abembelezwe. Likimwangukia mtu aliyejidhuru, neno hilo husema mambo mawili kwa pamoja: kwamba maumivu yake si ya kweli, na kwamba dawa yake ni kupuuzwa. Nimewahi kuketi kwenye benchi la zahanati moja hapa mjini nikamsikia mhudumu akimwambia binti aliyekuja kufungwa jeraha kwamba wenzake wanagombania uhai naye anauchezea. Jeraha lilifungwa vizuri. Sidhani kama binti yule alirudi kubadilisha bendeji.

Wanasaikolojia wamelishughulikia swali la "kwa nini" kwa utulivu zaidi. Matthew Nock na Mitchell Prinstein, katika makala yao ya 2004, walionyesha kwamba kujidhuru hufanya kazi za aina tofauti kwa anayejidhuru. Yupo anayetaka hisia isiyovumilika ikome. Yupo aliyekufa ganzi ambaye anataka ahisi chochote. Wengine hukwepa jambo la kijamii, na wengine huomba msaada baada ya kuona maneno hayakusikika. Kazi zinazohusu nafsi ya mtu mwenyewe ndizo zinazotajwa zaidi na wahusika, na wengi hufanya kwa siri na kuficha. Hilo peke yake linatosha kuitikisa dhana ya kudeka, kwa maana mtu hadeki gizani, mlango umefungwa. Na hata pale ambapo ni ombi la msaada, sioni ni vipi ombi la msaada liwe hoja ya kuunyima.

Liko na neno la pili, tena lenye sura ya upole: "vumilia", ambalo Kirundi hulisema "ihangane". Katika msiba neno hilo ni kitambaa cha kufutia machozi, na hakuna haja ya kulidharau. Tatizo ni wakati. Likitamkwa kabla mtu hajamaliza kusema, hufunga mazungumzo. Aliyejidhuru amekwisha kuvumilia. Pengine huko kujidhuru ndiyo njia aliyoipata ya kuvumilia. Kumwambia avumilie ni kumrudisha palepale. "Pole" ni tofauti. "Pole" haimwamuru mtu kufanya lolote, na haihitaji kujua nani mwenye makosa. Katika lugha nyingi nilizozisoma sijapata neno fupi linalofanya kazi hiyo kwa wepesi kama huo, na ningependa wakufunzi wa wahudumu waanze somo lao la kwanza hapo.

4.0 Kivuli cha sheria

Wasomaji wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wanajua kwamba sheria za jinai za nchi hizo ziliandikwa chini ya Uingereza na ziliweka jaribio la kujiua kuwa kosa. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961. Makoloni yaliendelea nalo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalitaja kama kosa. Kifungu cha 226 cha Kenya kilifanya hivyohivyo hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alipotamka kwamba kinapingana na Katiba, kufuatia ombi lililowahusisha Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili. Ghana ilikuwa imebadili sheria yake mwaka 2023. Burundi, Rwanda na Kongo zilirithi sheria za Kibelgiji, na katika urithi huo aliyejaribu kujiua hakuwa mhalifu.

Mtu anaweza kuuliza jambo hilo linaihusu vipi Bujumbura. Linaihusu kwa sababu watu husafiri na hofu zao, na hofu husafiri ndani ya lugha. Aliyekulia kambini Kigoma amejifunza kwa Kiswahili kwamba jambo hili lina "kesi". Akirudi Burundi hapati tangazo la kumwambia kwamba amevuka mpaka wa sheria pia. Akiulizwa kwa Kiswahili, na mtu mwenye kalamu na fomu, atajibu kama angejibu huko alikotoka. Kwa hiyo mhudumu aseme wazi mwanzoni: nakuuliza kama mtu wa afya, sipeleki jina lako polisi. Sentensi hiyo katika Kirundi inaweza kuonekana ya ajabu. Katika Kiswahili ni ya lazima.

Hapa niongeze neno kuhusu miongozo ya vyombo vya habari. Shirika la Afya Duniani limetoa miongozo ya kuripoti vifo vya kujiua, toleo la karibuni likiwa la 2023, na wafasiri wetu wametumia nguvu nyingi kutafuta Kiswahili cha onyo dhidi ya kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutenda jinai. Nguvu hizo zimepotea. "Kujiua" hakuna harufu hiyo ya jinai ndani yake. Maradhi ya magazeti yetu yako kwingine: kitenzi cha kichwa cha habari mara nyingi hutaja njia iliyotumika, na aliyeokoka husemwa "alishindwa kujiua", kana kwamba kufa kungekuwa kufaulu. "Alinusurika" lipo, linajulikana na kila mtu, na ni sahihi zaidi.

5.0 Kinachosaidia, na maneno ya kukisemea

Hofu kubwa ya walimu na wazazi niliokutana nao katika warsha ni kwamba kuuliza kutampandikizia kijana wazo. Hofu hiyo haina msingi wa kitafiti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Dazzi na wenzake mwaka 2014 hayakuona kwamba kuuliza juu ya kujiua kunaongeza fikra hizo. Kwa wengine kulielekea kuzipunguza. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuziba pengo la huduma za akili, ulioanza mwaka 2008, unawaelekeza wahudumu wasio mabingwa waulize waziwazi. Kwa Kiswahili, "waziwazi" kuna mtego wake. Mila yetu ya mafumbo hutufanya tuulize kwa kuzunguka: "Hukufikiria kufanya jambo baya?" Swali hilo limekwisha kutoa hukumu katika neno "baya", na umbo lake la kukanusha linaomba jibu la "hapana". Afadhali: "Umefikiria kujiua?" Ni maneno mawili. Hutamkwa kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, kisha mwulizaji hunyamaza.

Utafiti unaonipa matumaini kuliko mwingine wowote ni ule wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa na Alexandra Fleischmann na wenzake mwaka 2008. Uliwahusu watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua nchini Brazili, India, Sri Lanka, Irani na China. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo ya takriban saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakafuatwa mara 9 katika miezi 18, kwa simu au kutembelewa. Waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, katika kundi la pili asilimia 0.2. Hakuna mtambo hapo, wala dawa ya gharama.

Wataalamu wanakiita kitendo hicho mawasiliano ya ufuatiliaji, na tafsiri hiyo ndiyo inayoelekea kuingia katika miongozo yetu. Naomba isiingie. "Kufuatilia" katika miji yetu ni kazi ya mdai, ya askari na ya mume mwenye wivu. Kiswahili kinalo jina la kile kilichofanyika Chennai na Colombo, nalo ni "kumjulia hali". Kila mtu wa Buyenzi anajua namna ya kumjulia hali mgonjwa: unapita, hukai sana, huulizi maswali ya kuchimba, unaacha neno au chungwa, unaondoka, unarudi. Sera ikiandika kwamba aliyejidhuru "ajuliwe hali mara 9 katika miezi 18", muuguzi ataelewa anachotakiwa kufanya bila semina.

Mfano wa Harare unafundisha jambo hilohilo. Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Mbare kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, benchi hilo halikufanikiwa lilipoitwa kwa jina la ugonjwa wa akili. Lilipoitwa la urafiki, watu walikaa. Shida iliyopimwa haikuitwa sonona. Iliitwa kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ndugu wa "mawazo" yetu. Hatua za tiba nazo zilipewa majina ya Kishona: kufungua fikra, kuinua, kuimarisha. Matokeo ya jaribio lao, lenye washiriki 573, yalichapishwa mwaka 2016, na dalili za waliohudumiwa na akina bibi zilipungua kwa wazi zaidi kuliko za wenzao. Bujumbura ina mahali ambapo benchi la namna hiyo lingekaa vizuri. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002, kilikusanya vijana wa mitaa ya kaskazini kwa mpira, vitabu na muziki wakati mitaa hiyo ilipokuwa ikitenganishwa kwa damu. Kijana anaweza kuingia pale bila yeyote kuuliza anaumwa nini.

Istilahi mbili za tiba zinahitaji kutazamwa upya. "Ushauri nasaha" tuliupata kwa wingi enzi za UKIMWI, na umeshika mizizi. Lakini ushauri ni kumwambia mtu la kufanya, na nasaha ni kumwambia mtu la kufanya. Tumelirudia jambo mara mbili, na jambo lenyewe ndilo msikilizaji mwema anatakiwa kuliepuka katika kikao cha kwanza. Sina hakika kwamba tunaweza kuling'oa sasa. Wakufunzi angalau waliseme. Ya pili ni ule mpango mfupi wa maandishi ulioelezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown mwaka 2012, ambao mgonjwa na mhudumu huuandika pamoja: dalili zangu za kuzidiwa ni zipi, naweza kufanya nini peke yangu, niende wapi penye watu, nimpigie nani, mhudumu gani yupo, na nani atanisaidia kuyaweka mbali yale yanayoweza kunidhuru. Umetafsiriwa "mpango wa usalama". Katika mji huu, neno "usalama" huja na sare na gari lenye vioo vyeusi. Nimependekeza kwa wenzangu "mpango wa saa nzito". Mmoja alisema linasikika kama jina la tamthilia ya redio. Sikuona ubaya wake.

Suala la kuitana nalo lina uzito. Mhudumu akimwita kijana "mwanangu", amejipa cheo cha mzazi, na kwa wengi mzazi ni sehemu ya wanachokikimbia. "Mdogo wangu" hukaribia bila kutawala. Kwa mama mtu mzima, "mama" yatosha, wala asiitwe jina lake tupu kwa sababu tu fomu imeandika hivyo.

6.0 Kupona

Nani amepona? Kiswahili hutumia "kupona" kwa malaria iliyokwisha na kwa ajali iliyomkosa mtu: amepona ajali. Kirundi hutumia gukira kwa ugonjwa ulioondoka na pia kwa kutajirika. Maneno yote mawili yanasema jambo limekwisha. Safari ya anayejidhuru haiko hivyo. Miezi minne ya utulivu huweza kufuatwa na usiku mmoja mbaya, na ikiwa neno pekee alilopewa ni "amepona", usiku huo humwambia kwamba alikuwa mwongo. "Kupata nafuu" ni aminifu zaidi, na "ahueni" hukubali kwamba kuna kupanda na kushuka. Familia nyingi huyadharau maneno haya kwa kuyaona madogo. Ningependa yaandikwe katika kadi ya mgonjwa.

Marsha Linehan, aliyetunga tiba inayojulikana kama ya tabia ya kidialektiki na kuonyesha katika jaribio lake la 1991 kwamba inapunguza matendo ya kujidhuru, alisimama mwaka 2011 huko Hartford, katika taasisi aliyolazwa akiwa msichana, akaeleza kwamba naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 68. Tiba yake ni ndefu na ya gharama, na sidhani Bujumbura itaipata nzima hivi karibuni. Lakini msingi wake unatamkika kwa Kiswahili chepesi: kumkubali mtu alivyo leo, na papo hapo kumfundisha njia nyingine ya kuivuka saa ile. Wahudumu wetu wengi wana nusu ya pili bila ya kwanza. Masheikh na wachungaji niwajuao, ambao ndio hufikiwa mapema kuliko daktari, wakiwa na nusu ya kwanza hufanya kazi kubwa. Mtu akisomewa au akiombewa bila kukaripiwa, huwa tayari kuambiwa kwamba pia aende zahanati.

Lugha ya kumtaja mtu huyu ilikwisha kufunguliwa njia. Tuliacha "mwathirika" tukasema "mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI", na ilichukua miaka. Majina ya hospitali za Mirembe na Mathari bado ni matusi midomoni mwa watoto wa Tanzania na Kenya. "Mtu anayejidhuru" ni refu kuliko jina la mkato, na ndivyo linavyopaswa kuwa: kwanza mtu.

7.0 Kwa wanaopanga

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wizara za afya za nchi wanachama zinaweza kuanza na kazi ndogo yenye mipaka: maswali mawili, la kujidhuru na la kujiua, yaandikwe katika Kiswahili cha Tanzania, cha Kongo ya mashariki na cha Bujumbura, kando yake yawekwe ya Kirundi, kisha yajaribiwe kwa kumwomba anayeulizwa aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Si jibu lake tunalolitaka katika hatua hiyo. Tunataka swali alilolisikia. Anayefanya ukaguzi asiwe mwanaisimu peke yake. Awepo muuguzi, awepo mtu aliyewahi kujidhuru na akapata nafuu, na wote walipwe sawa. Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Burundi wanaotafuta mada za tasnifu wanayo hapa kazi ya miaka mitano.

Hojaji niliyoipitisha bado ninayo. Swali lile nimelifuta kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika lile refu. Shirika lililonipa lilikwisha kufunga mradi wake kabla sijawarudishia.